Mkono wa Yego hauanzii begani

Tarehe 26 Agosti 2015, kwenye uwanja wa Kiota cha Ndege mjini Beijing, askari polisi mmoja wa Kenya anayeitwa Julius Yego alikimbia na mkuki wa gramu 800, akaurusha, kisha akaanguka kifudifudi kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Ulikuwa mtupo wake wa tatu. Mkuki ukatua mita 92.72. Tangu mwaka 2001 hakuna binadamu aliyekuwa amefika huko. Wa pili siku ile alikuwa Mmisri, Ihab Abdelrahman, mita 88.99, na wa tatu Mfini, Tero Pitkämäki, mita 87.64. Waafrika wawili juu ya Mfini kwenye mchezo wa mkuki! Kwa wasiojua, Wafini wanaupenda mkuki kama sisi tunavyopenda Simba na Yanga.

Vijiweni maelezo yalikuwa mawili. La kwanza: jamaa ana mkono. La pili: yule Mnandi bwana, mkuki uko kwenye damu.

Hilo la damu tulimalize haraka. Ni kweli Wanandi walipigana na Waingereza kwa mikuki na ngao tangu miaka ya 1890, reli ilipokuwa inajengwa kwenda ziwani, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905. Hiyo ni historia nzito na siipuuzi. Lakini Yego hakufundishwa kurusha na wazee wa ukoo. Alifundishwa na intaneti kafe. Kenya haikuwa na kocha wa mkuki wa kumfikisha alikotaka, basi kijana akawa anakwenda kulipia dakika zake na kutazama video za Jan Železný wa Jamhuri ya Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway, kisha anarudi uwanjani kujaribu alichokiona. Ndiyo maana dunia ikampa jina la utani la Bwana YouTube. Kama damu ingekuwa inatosha, asingehitaji kulipia dakika.

Linalobaki ni hilo la kwanza, la mkono, na hilo ndilo limenikalisha usiku kadhaa nikisoma. Maana kila nikisoma nakuta kwamba mkono ndio wa mwisho kabisa kuingia kazini. Na nakuta pia kwamba watu wamechukua muda mrefu sana kulijua hilo, kwa sababu jambo lenyewe hutokea kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Tangu mguu wa mbele wa mrushaji ukanyage chini mpaka mkuki utoke mkononi, ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukipepesa jicho umekosa.

Haya basi, tuipunguze kasi.

Mrushaji anakuja mbio, mita sita hadi saba kwa sekunde. Halafu mguu wa kushoto (tuchukue anayetumia mkono wa kulia) unapigwa chini, goti limekazwa, kama dereva aliyekanyaga breki ghafla. Wote tunajua kinachotokea kwenye daladala likipigwa breki: magurudumu yanasimama, abiria wanaendelea na safari. Ndivyo inavyokuwa. Miguu inasimama, nyonga inaendelea. Nyonga ikizunguka inavuta kiuno, kiuno kinavuta kifua, kifua kinavuta bega. Kila sehemu inapopunguza mwendo inamwachia mwenzake wa juu kile ilichobeba, na huyo wa juu, kwa kuwa ni mwepesi zaidi, anakwenda kasi zaidi.

Na mkono? Mkono umeachwa nyuma makusudi. Msuli wa juu ya bega, ule unaolifanya bega liwe la mviringo na ambao madaktari wanauita deltoidi, umeunyanyua hadi usawa wa bega na kuushikilia hapo. Ubavuni kuna msuli mwingine ambao watu hawaujui, wenye vipande kama meno ya msumeno. Unashika mbavu na kulivuta bapa la bega lizunguke, ili mfupa wa mkono upate mahali pa kuegemea. Bila huo, bega ni mlango usio na fremu. Halafu misuli midogo nyuma ya bapa la bega inaugeuza mkono kuelekea nje na nyuma, mpaka ngumi inaangalia inakotoka badala ya inakokwenda. Ukisimamisha picha hapo utashtuka. Utadhani jamaa amevunjika.

Hapo ndipo utamu wenyewe ulipo. Wakati mkono unapinduliwa nyuma, misuli ya mbele haijalala. Msuli mkubwa wa kifua, msuli mpana wa mgongo unaopita kwapani kuja kushika mfupa wa mkono kwa mbele, na mmoja uliojificha chini ya bapa la bega unaoitwa subskapularisi, yote imekaza kuuvuta mkono mbele, lakini inavutwa na kurefushwa ikiwa imekaza hivyohivyo. Kila aliyewahi kuwinda ndege kwa manati anajua kinachofuata. Mpira wa manati hauna nguvu zake mwenyewe. Ulizivuta wewe, polepole, ukaziweka humo. Ukiachia, zinatoka zote kwa mpigo. Kano na misuli ya mbele ya bega ni mpira wa manati, na anayeuvuta ni kiwiliwili kizima kinachozunguka.

Mkono ukiachiwa unazunguka kuelekea mbele kwa kasi inayofika nyuzi 9,000 kwa sekunde kwa warushaji wa besiboli, ambao ndio waliopimwa zaidi. Piga hesabu: duara moja ni nyuzi 360, hivyo hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde, au 1,500 kwa dakika. Hiyo ni kasi ya injini ya gari! Ni kweli mkono hauzunguki hata duara moja zima, na mambo yote yanakwisha kabla hujasema "ah", lakini hakuna tendo jingine la mwili wa binadamu lililopimwa likaonekana kuwa na kasi kuliko hilo.

Takwimu hiyo inatoka kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature na Neil Roach, Daniel Lieberman na wenzao. Walichukua warushaji 20, wakawabandika alama mwilini, wakawarekodi kwa kamera za kasi. Kisha wakawafunga vibanio vya kuzuia bega lisipinduke sana au kiuno kisizunguke, na kasi ikashuka. Hitimisho lao lilikuwa kwamba takribani nusu ya kazi inayozungusha mkono haitoki kwenye misuli kujikunja wakati ule, inatoka kwenye ule mpira wa manati.

Halafu wakauliza swali la historia: tangu lini? Sokwe hawezi. Wale sokwe wa Gombe, pale Kigoma, ambao Jane Goodall alianza kuwafuatilia mwaka 1960, hurusha mawe na matawi wakikasirika, na sokwe dume mzima ana nguvu za kumshinda mtu. Lakini mtupo wake ni kama kilomita 30 kwa saa. Mtoto wa miaka 12 aliyezoea besiboli anarusha mara tatu ya hapo. Sokwe ana misuli, ila mabega yake yamepanda juu karibu na masikio, kiuno chake ni kifupi na hakizunguki, na mfupa wa mkono umekaa kwa namna isiyoruhusu ule mvuto wa nyuma. Roach na wenzake wakasema mambo yote matatu (kiuno kirefu, bega la chini lililotazama pembeni, mfupa usiojikunja sana) yalikutana mara ya kwanza kwa Homo erectus, karibu miaka milioni mbili iliyopita.

Wapo wanaobisha, na ubishi wenyewe uko hapa kwetu. Mifupa kamili kuliko yote ya Homo erectus wa kale ni ya yule kijana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu kule Nariokotome, Kenya, mwaka 1984. Baadhi ya wataalamu wanasema mtulinga wake ni mfupi mno, bega lake lilikuwa limekaa kwa mbele kidogo, kwa hiyo asingeweza kurusha kama Yego. Mimi si mtaalamu wa mifupa, ila naona hoja ya Roach imesimama vizuri zaidi kwenye maabara kuliko kwenye visukuku. Charles Darwin naye aliliwaza jambo hili mwaka 1871: kwamba mtu kusimama wima kulimpa mikono huru ya kurusha mawe na mikuki. Ila Darwin hakuwa na kamera.

Mikuki ya mbao yenyewe ipo. Ilichimbuliwa Schöningen, Ujerumani, kuanzia mwaka 1994, pamoja na mifupa ya farasi, na umri wake umekadiriwa kati ya miaka 200,000 na zaidi ya 300,000. Mwaka 2019 watafiti Waingereza walitengeneza mfano wake, wakawapa wanariadha wa mkuki. Jamaa wakalenga shabaha mita 20 na kuipiga kwa nguvu za kuua, umbali ambao ni mara mbili ya waliokuwa wakiukadiria wasomi. Somo ni dogo tu lakini nimelipenda: wasomi walikuwa wanajirushia wenyewe!

Ngoja turuke karne nyingi. Wagiriki walirusha mkuki wenye kamba ya ngozi, Waswidi na Wafini wakaufanya mchezo wa kisasa, na ukaingia Olimpiki London mwaka 1908. Miaka yote hiyo hakuna aliyejua ndani ya bega kuna nini hasa. Madaktari waliijua misuli kwa kupasua maiti. Na maiti, jamani, harushi kitu.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1944. Verne Inman na wenzake wawili wa California walichapisha utafiti ambao mpaka leo unatajwa. Walimchomeka mtu aliye hai pini kwenye mtulinga ili waone mfupa unavyozunguka mkono ukinyanyuliwa, na wakapima umeme unaotoka kwenye misuli. Maana msuli ukikaza hutoa umeme kidogo, na umeme ukipimwa unajua nani anafanya kazi na nani anasinzia. Waliyoyaona ni kwamba deltoidi peke yake ingeusukuma mfupa wa mkono juu mpaka ugonge dari ya bega. Haufanyi hivyo kwa sababu ile misuli midogo minne inayokumbatia kichwa cha mfupa inaushika na kuuvuta ndani. Msuli mkubwa unanyanyua, midogo inashikilia. Mpaka hapo bega lilikuwa limeanza kusomeka.

Kiwiko kikafuata, na safari hii Wafini tena. Mwaka 1946 daktari mmoja wa Finland, Waris, alichapisha habari za wanariadha 17 wa mkuki walioumia kiwiko upande wa ndani. Pale kuna ligamenti, yaani ukano mfupi unaofunga mfupa na mfupa, mwembamba kama kamba ya kiatu. Mkono unapoachiwa, kiganja na mkuki bado viko nyuma wakati kiwiko kimeshatangulia mbele, kwa hiyo upande wa ndani wa kiwiko unataka kufunguka kama kitabu. Kinachozuia ni hiyo kamba. Ikikatika, mtu anaweza kula, kuandika, kubeba ndoo ya maji, kufanya kila kitu. Ila kurusha, basi.

Kwa miaka 28 taarifa ile ilikaa kwenye majarida ya madaktari, na warushaji waliokatika kamba walirudi makwao. Tarehe 17 Julai 1974, mjini Los Angeles, mrushaji wa besiboli Tommy John alisikia mkono wake wa kushoto umelegea ghafla katikati ya mchezo. Alikuwa na umri wa miaka 31. Daktari wa timu yake ya Dodgers, Frank Jobe, akamwambia ukweli: kurudi uwanjani ni nafasi moja kati ya mia. Septemba 25 akampasua. Wazo lake alilitoa kwa madaktari waliokuwa wakihamisha kano za wagonjwa wa polio na wa mikono. Alichukua ukano kutoka mkono wa kulia wa John, akatoboa matundu kwenye mifupa ya kiwiko cha kushoto, akaupitisha humo kama mtu anayeshona.

Ukano wenyewe unaweza kuuona sasa hivi. Unganisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kiganja kidogo kuja kwako. Ile kamba inayosimama katikati ya kifundo cha mkono ndiyo hiyo. Wapo watu wasio nayo kabisa, na hawapungukiwi kitu. Ndiyo maana Jobe aliona inaweza kuhamishwa bila deni.

Tommy John alikaa nje msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, akacheza mpaka 1989. Kabla ya kisu alikuwa ameshinda mechi 124. Baada ya kisu alishinda 164. Upasuaji ule ukachukua jina la mgonjwa, jambo la nadra, maana kwa kawaida madaktari hujipa wenyewe. Jobe alipochapisha matokeo ya wanariadha 16 wa kwanza mwaka 1986, kumi kati yao walikuwa wamerudi kwenye kiwango chao cha zamani.

Lakini kwangu mimi kazi kubwa zaidi ya Jobe ni nyingine, ambayo haina jina la mtu maarufu. Kuanzia mwaka 1983 yeye na Jacquelin Perry, daktari aliyetumia miaka mingi kusoma mwendo wa wagonjwa wa polio, waliwachomeka warushaji nyaya nyembamba ndani ya misuli ya bega, wakawaambia warushe. Na hapo ndipo picha niliyoieleza juu ilipopata ushahidi: nani anawaka lini, nani anazima lini. Mwaka 1987 timu hiyohiyo ikawalinganisha warushaji wa kulipwa na wa ridhaa. Ungedhani wa kulipwa misuli yao yote inawaka zaidi. Sivyo! Mkono unapochapwa mbele, wa kulipwa walitegemea hasa ule uliojificha, subskapularisi, pamoja na kifua na mgongo, na misuli mingine ikatulia. Wa ridhaa ndio waliokuwa wamewasha karibu kila kitu, hata ule msuli wa mbele ya mkono ambao vijana wa gym wanaupenda kuliko mwingine wowote. Ule, kwenye kurusha, kazi yake zaidi ni breki ya kiwiko.

Kuna jaribio la mwaka 1971 linalokwenda sambamba na hilo. Mrushaji alichomwa sindano ya ganzi iliyolaza msuli wa nyuma ya mkono, ule unaonyoosha kiwiko. Baada ya kujaribu mara chache akarusha kwa zaidi ya asilimia 80 ya kasi yake ya kawaida. Kiwiko kilinyooka kwa kurushwa na mwili, kama ncha ya mjeledi. Sasa nenda kijiweni ukaseme "jamaa ana mkono".

Sheria za mchezo nazo zina habari yake. Mwaka 1956 Mbasque mmoja wa Hispania, Félix Erausquin, mtu wa karibu miaka 50, alikuja na mtindo wa kuzunguka kama mrusha kisahani na kuuachia mkuki uteleze kiganjani. Mwenzake, Miguel de la Quadra-Salcedo, akavuka mita 112 wakati rekodi ya dunia ilikuwa haijafika 84. Mkuki unaozungushwa hivyo unaweza kwenda kokote, hata jukwaani, kwa hiyo wakubwa wa riadha wakaupiga marufuku upesi kabla ya Olimpiki ya Melbourne mwaka uleule. Tangu hapo ni amri: mkuki upite juu ya bega, na mrushaji asigeuze mgongo kule anakorusha. Yaani ule mtupo wa kale ukalindwa kisheria dhidi ya mtupo mrefu zaidi.

Miaka 28 baadaye mtupo wa kale wenyewe ukawa tatizo. Tarehe 20 Julai 1984, Berlin Mashariki, Uwe Hohn alirusha mita 104.80. Olimpiki ya Los Angeles ilikuwa inaanza siku chache mbele lakini nchi yake ilikuwa imesusa, hivyo hakwenda. Uwanja ulikuwa umeanza kuwa mfupi kwa mkuki, na mikuki ilikuwa inaelea na kutua ubapa, waamuzi wakibishana. Kuanzia Aprili 1986 mkuki wa wanaume ukasogezwa uzito mbele sentimita nne, ili pua iinamie chini mapema. Rekodi ya kwanza ya mkuki mpya ilikuwa mita 85.74. Hohn akabaki na mita zake 104.80 kwenye ukurasa uliofungwa. Namwonea huruma, nakiri. Aliyeyafikia karibu yale ya zamani kwa mkuki mpya ni Železný, mwalimu wa Yego wa kwenye kioo: mita 98.48, Jena, Mei 1996. Bado ndiyo rekodi ya dunia.

Na kule kuanguka kwa Yego? Watu walidhani ni mbwembwe. Mkono ukishaachia mkuki bado una kasi yote ile, na hauna tena cha kubeba. Lazima mtu ausimamishe. Kazi hiyo inaangukia ile misuli midogo ya nyuma ya bega na ile iliyoko kati ya mabapa, ambayo inarefushwa huku imekaza, safari hii kwa kuzuia. Kwa warushaji wa besiboli nguvu inayotaka kuuchomoa mkono begani wakati huo inakaribia uzito wa mwili mzima. Kadiri kiwiliwili kinavyoinama na kuendelea mbele, mkono unapata njia ndefu zaidi ya kupungua mwendo. Yego yeye anakwenda mpaka chini kabisa. Naona kama anaiuzia ardhi deni ambalo bega lingelilipa.

Kuna jambo moja linanikereketa. Mtoto akizaliwa, mfupa wa juu wa mkono wake umejipinda kuelekea nyuma, na kadiri anavyokua unajinyoosha. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwapiga picha warushaji 25 wa kulipwa, wakakuta mkono wa kurushia umebaki umepinda nyuzi 40, ule mwingine nyuzi 23. Kurusha tangu utotoni kuliuzuia mfupa usijinyooshe, na mkono ukapata nafasi ya kwenda nyuma zaidi bila kuchana kitu. Mtu mzima akianza, mfupa umeshaamua. Sasa fikiria watoto wetu wanaotungua maembe kwa mawe. Fikiria wasichana wa shule za msingi wanaocheza rede mchana kutwa, mpira wa matambara unapita juu ya bega mara mia, na wa katikati anakwepa. Mabega ya kurusha tunayo tele. Halafu mtoto anafika sekondari na shule nyingi hazina hata mkuki mmoja, na siku ya michezo kinachotafutwa ni nani anakimbia.

Yego alipata bahati ya kuonekana. Alishinda Michezo ya Afrika mjini Maputo mwaka 2011 kwa mita 78.34, na shirikisho la dunia likampeleka Kuortane, Finland, kwa kocha Petteri Piironen. London 2012 alifika fainali. Moscow 2013 akawa wa nne kwa mita 85.40. Glasgow 2014 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Halafu ndiyo Beijing. Kwenda Rio mwaka 2016, alifika uwanja wa ndege Nairobi akakuta hana tiketi, na mambo yakawekwa sawa baadaye. Akafika, akarusha mita 88.24 mtupo wa kwanza, akaumia kifundo cha mguu na hakuweza kumaliza mitupo yake. Fedha. Ona kilichoumia: si bega, ni mguu, kule kunakoanzia.

Fainali ya Paris, Agosti 8, 2024, dhahabu ilikwenda kwa Arshad Nadeem wa Pakistan, mita 92.97, na fedha kwa Neeraj Chopra wa India, mita 89.45. Wote wawili walikuwa wameshapasuliwa kiwiko. Chopra alipasuliwa mwaka 2019, na kwa muda fulani kocha wake alikuwa yuleyule Uwe Hohn. Yego alikuwa wa tano, mita 87.72, akiwa na umri wa miaka 35. Zile 92.72 za Beijing hazikuguswa na Mwafrika mwingine.

Video ya mtupo ule ipo mtandaoni na haihitaji tena kulipia dakika za kafe. Itazameni, wadau, ila safari hii msiangalie mkono. Angalieni mguu wa kushoto unapokanyaga.